UCHAMBUZI: Mpaka ungali kisiki kwa mwananchi wa kipato kidogo anayetaka kuzuru jirani

MKAZI wa Mombasa anayetaka kuzipa kisogo shughuli za mji kwa siku mbili ana chaguo ambalo wengi hulisahau. Akielekea kusini kupitia Ukunda na Msambweni, hufika Lunga Lunga baada ya takriban kilomita 100. Kutoka Horohoro, upande wa pili wa mpaka, mji wa Tanga umesalia kilomita zisizozidi 70 hivi.

Safari hiyo haifikii hata nusu ya masafa ya kwenda Nairobi. Hata hivyo, kwa familia nyingi za kipato cha kadri, Tanga huonekana kuwa mbali kuliko jiji hilo kuu.

Kisa na maana si barabara. Kinachoirefusha safari ni karatasi, sarafu na hofu ya kutojua litakalotokea mbele ya dirisha la afisa wa uhamiaji.

Hili ni jambo linalostahili kuangaziwa kwa makini, kwani viongozi wa kanda hii wamekuwa wakihubiri utangamano kwa zaidi ya miongo miwili. Mkataba uliofufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini jijini Arusha mnamo Novemba 30, 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoahidi uhuru wa watu kutembea katika nchi wanachama, ilianza kutekelezwa Julai 1, 2010.

Tangu hapo jumuiya imepanuka. Sudan Kusini ilijiunga 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2022 na Somalia 2024. Lakini ukubwa wa ramani si kipimo cha utangamano kwa raia wa kawaida. Kipimo chake ni iwapo anaweza kuvuka Ijumaa jioni na kurejea Jumapili bila kuvunja kibuyu cha akiba yake.

Kwa kipimo hicho, mipaka miwili ya Kenya inatoa majibu mawili tofauti.

Mnamo Januari 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuwaruhusu raia wao kusafiri baina yao kwa kutumia kitambulisho cha taifa. Kwa hivyo, mkazi wa Kisumu anaweza kupanda matatu hadi Busia, aonyeshe kitambulisho chake, kisha aendelee na safari ya takriban kilomita 120 hadi Jinja, mji ambao Mto Nile unatokea Ziwa Victoria.

Tanzania haikujiunga na mpango huo. Wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuwapa raia wake vitambulisho vya taifa, na ilikuwa na wasiwasi kuhusu usalama na ardhi yake. Mkenya anayevuka Lunga Lunga, Taveta, Namanga au Isebania sharti awe na paspoti au kibali cha muda cha kusafiria kinachotolewa na idara ya uhamiaji.

Kusema kweli, Tanzania haijavunja sheria yoyote. Ibara ya 9 ya itifaki hiyo inayaachia mataifa yaliyokubaliana kutumia vitambulisho yafanye hivyo, bila kuyalazimisha mengine. Waandishi wa itifaki waliacha mwanya, na mwananchi maskini ndiye aliyetumbukia humo.

Mzigo huo una bei. Katika tangazo la Novemba 2023, serikali ya Kenya ilipandisha ada ya paspoti ya kurasa 34 kutoka Sh4,500 hadi Sh7,500. Familia ya watu wanne inayotaka kwenda Tanga kwa siku mbili ingetumia Sh30,000 kwa paspoti pekee kabla hata ya kununua tikiti ya basi.

Ndipo kibali cha muda, ambacho ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya paspoti, kinapokuwa mkombozi wa msafiri wa kipato cha chini. Jambo la busara ni kukitafuta mapema badala ya kungoja siku ya safari, hasa kwa wanaosafiri na watoto. Mtoto hana kitambulisho cha taifa, na afisa wa mpakani ana kila haki ya kutaka hati zake.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho huwanasa wengi. Tanzania hukihitaji kutoka kwa wasafiri wanaotoka katika mataifa yaliyo katika hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa. Anayechanjwa Jumatano ili asafiri Ijumaa atakuwa amechelewa.

Kuna afueni hata hivyo. Tangu Julai 2016, kanuni za afya za kimataifa zinakitambua cheti hicho kwa maisha yote ya mwenyewe. Gharama hiyo basi hulipwa mara moja tu, si kila safari.

Baada ya karatasi huja sarafu. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 20 za Tanzania, na zaidi ya shilingi 25 za Uganda. Tarakimu hizo ndefu huwapumbaza wageni, nao wabadilishaji pesa wa mpakani wanajua hivyo.

Msafiri aliye na Sh10,000 anayebadilishiwa kwa 20 hupata shilingi 200,000 za Tanzania. Akikubali 18 kwa sababu ya haraka, hupata 180,000. Tofauti hiyo ya shilingi 20,000 ni karibu Sh1,000 za Kenya, fedha zinazoweza kulisha familia mlo mzima. Ni heri kujua kiwango cha siku hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, kubadilisha kiasi cha nauli pekee mpakani, na kuacha kiasi kilichosalia kwa benki au maduka ya fedha mjini.

Isitoshe, tangu Machi 2025 Tanzania imepiga marufuku kutoza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Anayedhani atalipia chumba kwa noti za Kenya au dola atajikuta taabani.

Kuhusu usafiri, gari la kibinafsi si nafuu jinsi linavyodhaniwa. Mwenye gari huhitaji kitabu cha umiliki, kibali cha forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa ilijiondoa katika soko hilo mnamo 2000. Kwa safari ya siku mbili, basi hadi mpakani na daladala au bajaji upande wa pili hutosha.

Huko Tanga, kutalii hakuhitaji mfuko mzito. Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini mwa mji, na magofu ya Tongoni kusini mwake. Hii ndiyo ardhi iliyomzaa Shaaban Robert mnamo 1909, na ambako Mdigo wa Lunga Lunga humkuta Mdigo mwenzake akimsalimu kwa lugha ile ile.

Chakula cha mama lishe ni cha bei nafuu, nazo nyumba za wageni, maarufu kama gesti, ni nyingi. Kiswahili nacho humwezesha Mkenya kupatana bei bila dalali. Ila asibebe mizigo yake katika mifuko ya plastiki, kwani Tanzania iliipiga marufuku Juni 1, 2019, miaka miwili baada ya Kenya.

Wakati nao una gharama yake. Wikendi iliyo karibu na Juni 3 si ya kuendea Uganda kwa anayetaka utulivu, kwa kuwa maelfu ya mahujaji huvuka Busia na Malaba kuelekea Namugongo kuwakumbuka mashahidi. Mabasi hujaa na vyumba huadimika.

Hata hivyo, upangaji bora kiasi gani hauwezi kumkinga msafiri dhidi ya siasa. Wakenya wenye umri mkubwa wangali wanakumbuka jinsi Tanzania ilivyofunga mpaka mnamo 1977 jumuiya ya kwanza iliposambaratika. Haukufunguliwa hadi 1983.

Majuzi tu, mnamo Julai 2025, Tanzania iliwazuia raia wa kigeni kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwemo za saluni, ukarabati wa simu na kuongoza watalii, hatua iliyozua malalamishi nchini Kenya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, pamoja na kafyu na kuzimwa kwa intaneti, ziliwakumbusha wasafiri kwamba hali inaweza kugeuka kwa siku moja. Mwenye busara hufuatilia habari za upande wa pili kabla ya kufunga mkoba.

Lakini si haki kumwachia mwananchi mzigo wote huu. Serikali zilitumia fedha nyingi kujenga vituo vya pamoja vya mpakani, kama vile vya Taveta na Holili, Busia, na Namanga kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018. Malori yamenufaika. Sasa ni zamu ya abiria.

Sababu iliyotolewa 2014, kwamba Watanzania wengi hawakuwa na vitambulisho, inazidi kudhoofika kadiri mamilioni yao wanavyosajiliwa. Wasiwasi kuhusu ardhi na ajira nao unaweza kushughulikiwa kwa pasi ya siku chache isiyomruhusu mwenyewe kufanya kazi wala kumiliki chochote. Mtu anayekwenda kuona mapango na kula samaki hatishii kazi ya yeyote.

Kinyume chake, fedha zake huishia mikononi mwa dereva wa bajaji, mama lishe na mwenye gesti, watu ambao mtalii anayeshukia uwanja wa ndege hawaoni kwa nadra. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa sasa, mwenyeji wa Tanga anamngojea mgeni aliye umbali wa saa chache tu, naye mgeni angali Mombasa akihesabu ada ya paspoti.