Fahali wa Karamu na Muhula wa Pili

Nataka kuwaambia wasomaji wa kurasa zetu za Kiswahili jambo ambalo nimelificha kwa miaka mingi. Nalisema sasa kwa sababu vijana wa kidato cha sita wamekaribia kutuaga, na wazazi wao wanajitayarisha kwa furaha. Furaha ile naijua sana, maana mimi ilinigharimu mwaka mzima wa maisha yangu.

Nilimaliza shule hii mwaka 2000. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata nilikuwa nimefaulu, lakini si kwa kiasi cha kulipiwa na serikali. Chuo kikuu kimoja cha Kampala kilinipa nafasi ya kujilipia. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa kosa nitakalolieleza halikuwa lake. Kwetu ni karibu na Tororo. Baba yangu ni mkulima wa mihogo, karanga na mtama, nami nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kwenda chuo kikuu.

Baba alikuwa na fahali wawili. Mmoja aliuzwa mnadani ili karo ya muhula wa kwanza ipatikane. Wa pili alichinjwa. Watu walikuja kutoka vijiji vitatu, ngoma ikalia mpaka alfajiri, shangazi zangu wakapiga vigelegele, na wazee wakasimama mmoja mmoja kunipa maneno ya baraka. Michango ilitolewa, si haba, lakini iliingia kwa mkono huu na kutoka kwa mkono huu kununua mchele, soda na pombe. Asubuhi nikapanda basi na sanduku jipya na godoro jipya, na watoto wakalikimbilia basi wakilitaja jina langu. Katika watu wote wale hakuna aliyeuliza muhula wa pili utalipwa na nini. Hata mimi mwenye safari sikuuliza.

Basi muhula wa pili ukafika. Fahali wa tatu hakuwako, na karanga zilikuwa bado shambani. Sheria ilikuwa wazi: asiyemaliza karo hafanyi mtihani. Ningeweza kuandika nyumbani nikaeleza. Badala yake niliandika kwamba mambo ni mazuri na kwamba ninawasalimu wote. Nilihama hosteli nikalala sakafuni chumbani kwa rafiki, nikila mara moja kwa siku, na nikihudhuria mafundisho ambayo nilijua sitayafanyia mtihani. Kila nilipotaka kusema kweli niliona haya. Niliziona mbele yangu nyuso za wale waliokesha wakinichezea ngoma.

Siku moja baba alikuja bila kutoa habari, amebeba nusu gunia ya karanga begani. Alikwenda kwenye hosteli aliyoijua, akaambiwa simo tena. Alinitafuta tangu asubuhi hata jioni katika mji asioujua, na gunia lake begani. Aliponipata hakunikemea. Aliniuliza tu, “Mwanangu, mbona hukusema?”

Nikamjibu, “Baba, ningesemaje, nawe umekwisha chinja fahali?”

Akanyamaza. Tulikaa juu ya kitanda cha rafiki yangu tukimenya karanga, wala hatukutazamana. Kesho yake tukarudi nyumbani pamoja, nikakaa shambani mpaka mwaka uliofuata, ndipo nikaurudia muhula ule.

Ndugu wasomaji, maoni yangu ni haya. Sisi twamtayarisha mwanafunzi kuondoka, lakini hatuitayarishi jamaa yake kuishi mwaka ule wa kwanza. Twanunua sanduku na godoro, twafanya karamu, twamsindikiza mpaka kituo cha basi, kisha twarudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha. Kumbe siku ile ndipo inapoanza.

Labda wazee wetu waliosoma zamani watashangaa nikisema hivi, kwa kuwa wao walisindikizwa kwa karamu na hawakupatwa na neno. Ni kweli, lakini zamani zile zilikuwa na mambo yake. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ilikuwa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na tangu 1963 hata 1970 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Waliopata nafasi walikuwa wachache mno. Baada ya uhuru mwanafunzi aliyepokelewa alilipiwa karo na serikali, akakuta kitanda katika bweni lake na chakula kimekwisha pikwa, na hata pesa kidogo za mfukoni alipewa. Jamaa yake haikudaiwa kitu zaidi ya kumsindikiza, ndiyo maana karamu ilitosha.

Mambo hayo yamegeuka. Tangu mwaka 1992 Makerere ilianza kuwapokea wanaojilipia, na leo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Uganda wamo katika kundi hilo. Wanaolipiwa na serikali ni kiasi cha wanafunzi 4,000 wapya kila mwaka, kwa vyuo vikuu vya umma vyote pamoja. Iko pia mikopo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, nayo imewafaa vijana wengi wa watu maskini. Lakini wazazi na wasome vizuri: mkopo huo uliwekwa kwa ajili ya karo na malipo mengine ya chuo, wala si kwa kitanda na chakula. Nimekutana na mzazi aliyesema, “Mwanangu amepata mkopo, sina wasiwasi tena.” Mwanawe ana mahali pa kusomea, lakini atalala wapi, na atakula nini?

Basi jamaa ifanye nini? Sisemi mambo makubwa. Mitihani ya kidato cha sita huisha kabla ya Krismasi, matokeo hutoka karibu na mwezi wa Machi, na Makerere hufungua mwezi wa Agosti. Hiyo ni miezi mingi ya kungoja, na wengi twaimaliza bure.

Kwanza, jamaa ihesabu mwaka mzima wala si muhula mmoja. Mwaka wa chuo kikuu una mihula miwili, si mitatu kama ya hapa shuleni. Makerere, kwa mfano, muhula mmoja una majuma 17, 15 ya mafundisho na 2 ya mitihani. Mihula miwili basi ni majuma 34. Chukueni daftari mwandike: karo na malipo ya chuo, kitanda, chakula, vitabu na nauli. Chakula kihesabuni kwa juma, mzidishe kwa 34, ndipo mtakapoona ukubwa wa jambo lenyewe. Kisha andikeni jina la mtu mbele ya kila mstari: huu ni wa baba, huu wa mama, huu wa mjomba. Mstari usio na jina ndio utakaomrudisha mtoto nyumbani.

Pili, kijana afundishwe kujitunza kabla hajaondoka. Hapa shuleni kengele hutuamsha, kengele hutuita kula, na mwalimu wa zamu hutuuliza tulikuwa wapi. Kule hakuna kengele. Mwanafunzi akikosa mafundisho juma zima, huenda asiulizwe na mtu. Wavulana wengi hutoka hapa wakijua hesabu za juu, lakini hawajui kupika maharage wala kuigawa pesa ya juma isiishe siku ya tatu. Mama amwachie jiko mara kwa mara, amtume sokoni na pesa ya siku saba, na ikiisha mapema asimwongezee. Afadhali alale njaa kwa mama kuliko kwa watu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, jamaa impe ruhusa ya kuleta habari mbaya. Afadhali aambiwe waziwazi, mbele ya wazee: “Ukipungukiwa, sema. Ukishindwa somo, sema. Hatutakufukuza.” Somo lililoshindikana hurudiwa linapofundishwa tena, wala si kifo. Kinachoua ni siri. Siku hizi kusema si kazi ngumu. Wakati wangu pesa zilipelekwa kwa mkono wa mtu aliyepanda basi, na kutuma pesa kwa simu kulikuwa hakujaingia Uganda, maana kulianza mwaka 2009. Leo pesa hufika mara moja, na sauti pia. Lakini simu haimfungui kinywa mtu mwenye haya. Kinywa hufunguliwa nyumbani, kabla ya safari.

Najua nitajibiwa. Wengine watasema karamu ni desturi yetu, na kwamba aliyekula kwako leo ndiye utakayemwita kesho ukiwa na shida. Neno hilo ni la kweli, nami sipendi desturi zetu zife. Lakini watu wanaweza kualikwa kwa chai na karanga, na michango yao ikahesabiwa mbele yao, ikaandikwa daftarini na kuwekwa kwa ajili ya muhula wa pili. Jirani aliyechangia kitanda cha mtoto amemsaidia kuliko aliyekula nyama ya fahali wake.

Wengine watasema, “Sisi hatukusoma, tutamshauri nini mtu wa chuo kikuu?” Wazee wangu, mnajidharau bure. Hakuna mkulima anayekula mbegu zote siku ya mavuno. Mwajua kuweka ghalani, mwajua kupima chakula mpaka mvua nyingine zinyeshe. Chuo kikuu nacho kina misimu miwili, na elimu inayotakiwa hapo ni ile ile mliyo nayo.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyesoma hapa hapa shuleni kwetu, alipata nafasi. Tulikutana chini ya mwembe wa baba, nami nilikuwa na daftari. Kabla sijalifungua, baba yangu, ambaye sasa ni mzee sana, aliomba kusema. Alimwambia kijana, “Mjukuu wangu, mimi nilimchinja fahali wa muhula wa pili wa mjomba wako. Tuanze hapo.” Katika miaka yote ile tulikuwa hatujalitaja jambo hilo, yeye wala mimi. Dada yangu alilia. Kisha tukahesabu, na mistari yote ikapata majina, ijapokuwa miwili iliandikwa majina mawili mawili kwa sababu mtu mmoja hakuiweza.

Msidhani mambo yalinyoka yote. Mwezi wa Novemba simu ililia usiku. “Shikamoo, mjomba. Pesa ya chakula imekwisha, na majuma yaliyobaki ni manne. Nilinunua viatu.” Niliona hasira, nikawa karibu kusema maneno makali. Ndipo nikakumbuka karanga zile tulizozimenya bila kutazamana, nikashukuru kwamba kijana huyu amesema. Tulimpelekea maharage na unga, si pesa, akafanya mtihani wake na wenzake. Viatu vile anavyo mpaka leo, na babu yake humtania kwavyo.

Kwa hiyo nina ombi kwa Mwalimu Mkuu na kwa chama chetu cha wanafunzi wa zamani. Wekeni Jumamosi moja katika mwezi wa Juni, muwaite wazazi wa vijana waliopata nafasi, pamoja na vijana wenyewe. Pasiwe na hotuba ndefu, wala mazungumzo yasiwe ya Kiingereza peke yake, bali yawe kwa lugha wanazozisikia wazazi, na Kiswahili kimo. Wanafunzi wa zamani waliomaliza chuo karibuni waeleze waliyoyaona: bei za vyumba, vyakula, vyeti vinavyotakiwa siku ya kujiandikisha, na makosa waliyoyafanya wao wenyewe. Na kila jamaa iondoke na daftari lililoandikwa. Daftari halina gharama kubwa, nami niko tayari kuyanunua ya mwaka wa kwanza.

Nanyi mnaobaki madarasani, msingoje kuitwa. Siku barua yako ya kupokelewa itakapofika, kabla hujafikiri juu ya suti wala sanduku, mwendee baba au mama au yule anayekulea, umwambie kwa adabu, “Tafadhali tukae tuhesabu.” Mimi sikulisema neno hilo, na baba yangu alitembea kutwa katika mitaa ya Kampala na gunia begani.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani