Tusiwanyime Watoto Siku za Mwisho za Likizo

Mwaka wa masomo hapa Kenya huanza mwezi wa Januari, na kila ifikapo wiki ile ya mwisho ya likizo ndefu, nyumba zetu za Pwani huingiwa na pilikapilika. Mama anapima sare ya mwaka jana aone kama bado inamwenea mtoto. Baba anahesabu karo, viatu na madaftari, na uso wake haukaribiki. Mtoto naye, aliyeingoja likizo hii kwa hamu, amefungiwa katika tusheni tangu asubuhi hadi alasiri, eti asije akaachwa nyuma na wenzake.

Mimi nasema hapo tunakosea, wazazi wenzangu. Siku zile chache ni haki ya mtoto na jamaa zake, wala hazifai kuuzwa kwa mwalimu wa kulipwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza wanafunzi kusomeshwa masomo ya ziada wakati wa likizo. Twaijua, lakini tunaizunguka kwa kuwatafuta walimu sisi wenyewe na kuwaleta majumbani. Kisha twalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana habari na wazee wao. Watakuwa nayo vipi, na hatuwapi nafasi ya kuketi nao?

Likizo moja nilikuwa barazani kwa jamaa zangu, Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwapo mtoto wa miaka 12, hodari wa darasa lake. Babu yake, mvuvi wa zamani, akasema kwamba Kaskazi imeanza kuvuma vizuri. Mtoto akauliza, "Babu, upande wa ramani unavumaje?" Sote tulicheka, isipokuwa babu. Mtoto huyu amezaliwa hatua chache kutoka baharini, naye haujui upepo ulioyaleta majahazi ya Arabuni katika bandari hiyo kwa karne nyingi. Alilijua jina la Kaskazi kitabuni tu.

Siku ya pili babu akaomba apewe mjukuu wake. Wazazi walisita, kwa kuwa tusheni ilikuwa imekwisha kulipiwa, lakini mwishowe wakaona haya kumkatalia mzee. Baada ya sala ya alasiri nyumba nzima ikatoka, wakubwa kwa wadogo, tukaenda Lighthouse. Tulikula mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, tukanywa madafu, na maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye majabali.

"Leo mwezi ngapi?" babu akauliza.

"Kumi na tano," mtoto akajibu, kwa kuwa chuoni wanafundishwa miezi ya Kiislamu.

"Basi hili ni bamvua," babu akasema. Akamweleza kwamba mwezi uandamapo na mwezi upevukapo, maji hujaa sana na kupwa sana. Na katikati yake, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Akamwambia pia kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Mtoto akashika kijiti, akaanza kupiga hesabu mchangani. Kabla ya magharibi alikuwa amekwisha kutuambia maji yatajaa saa ngapi siku ya kufungua shule. Hakuna aliyemlazimisha.

Je, hayo si masomo? Humo mna hesabu, mna sayansi, mna dini na mna lugha. Kwa mzee mmoja, jioni moja, bila ya senti ya ada.

Wako watakaosema kwamba dunia ya leo ni ya vyeti, na mtoto asiyebanwa hatafika mbali. Nakubali kwamba vyeti vina thamani yake. Lakini vitabu vitakuwapo Januari, na walimu watakuwapo. Babu hatuna ahadi naye. Maneno kama bamvua na maji mafu hayahifadhiwi na serikali. Yakikosa wa kuyarithi, yatazikwa pamoja na wenyewe.

Sisemi mtoto aachwe azurure. Chuo kiendelee, na sala zisimamishwe kwa wakati wake. Wala sisemi watoto wa kiume peke yao ndio wapelekwe baharini, na binti abaki jikoni akiosha vyombo vya mwaka mzima. Naye ana haki ya kumwuliza bibi yake na kujibiwa, na ana haki ya upepo.

Wala haya si mambo ya matajiri. Feri ya Likoni haimtozi nauli aendaye kwa miguu, na kwenda ng'ambo kumwamkia shangazi ni kuunga udugu, jambo ambalo dini yetu imelihimiza sana.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, sare ishonwe mapema na madaftari yanunuliwe mapema. Wiki ile ya mwisho tuwaachie watoto na wazee wao. Maji yakijaa hupwa, kisha hujaa tena kesho yake. Lakini utoto wa mwanao ukishapwa, haurudi.