Mrushaji Asiye na Msamiati

Jioni ya tarehe 24 Februari 2003, redio ilitangaza kwamba Collins Obuya "amechukua wiketi tano" dhidi ya Sri Lanka jijini Nairobi. Mjomba wangu alikuwa akifunga zizi lake pale Salaita, kando ya barabara itokayo Voi kwenda Taveta. Aliuliza: "Amezichukua kwa nani, na atazirudisha lini?" Sisi watoto tulicheka. Leo, baada ya kuifundisha isimu kwa miaka kadhaa, nakiri kwamba swali lile lilikuwa la haki na kwamba hatukuwa na jibu.

Makala haya yanadai kwamba kikosi cha warushaji wa timu ya Kenya katika Kombe la Dunia la kriketi la mwaka 2003 kilipotea katika kumbukumbu ya taifa kwa sababu Kiswahili hakikuwa na maneno ya kukibebea. Najua kuporomoka kwa mchezo huo kumeelezwa kwa migogoro ya uongozi, ukata na migomo ya wachezaji. Sizipingi sababu hizo. Nasema tu kwamba hazitoshi.

Tuwatazame warushaji wenyewe. Msimu ulianza vibaya. Tarehe 12 Februari, mjini Potchefstroom, Afrika Kusini iliishinda Kenya bila kupoteza mpigaji hata mmoja. (Wakazi wa Salaita wataikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine: siku kama hiyo mwaka 1916, Waafrika Kusini hao hao walitimuliwa na askari wa Wajerumani katika kilima chetu.) Siku tatu baadaye Kenya iliishinda Kanada. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, nasi tukapewa pointi. Ndipo likaja pambano la Sri Lanka. Kenya ilikuwa imepata mbio 210 tu, akiba ndogo. Obuya, kijana aliyewahi kuuza nyanya, akarusha ova zake kumi, akatoa mbio 24 na kuwang'oa wapigaji watano, Aravinda de Silva na Sangakkara wakiwamo. Sri Lanka ikaishia 157. Dhidi ya Bangladesh kazi ilifanywa na wakongwe, Maurice Odumbe na nahodha Steve Tikolo. Dhidi ya Zimbabwe mjini Bloemfontein, Martin Suji alifungua njia na wapinzani wakaanguka kwa mbio 133.

Lakini ajabu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilitokea Durban tarehe 15 Machi. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na umri wa miaka 39 na alikwisha kustaafu mwaka 1999 kabla ya kurejeshwa kikosini. Australia, mabingwa watetezi, walihitaji mbio 175 tu. Karim alirusha mipira hamsini, akatoa mbio saba pekee na kuwaondoa wapigaji watatu, Ricky Ponting mmojawapo. Ova sita kati ya hizo hazikuzaa mbio hata moja. Australia ilishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora alipewa Karim. Siku tano baadaye India ikatutoa katika nusu fainali kwa tofauti ya mbio 91.

Sasa niulize: mtangazaji wa Kiswahili angeisimulia vipi kazi ya Karim? Ova isiyozaa mbio Waingereza huiita kwa neno lenye maana ya mwanamwali. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuitafsiri "ova bikira", na darasa zima likavunjika mbavu. Mimi ningependekeza "ova tasa", kwa kuwa hesabu imekwisha kutuzoesha namba tasa. Mpira unaozungushwa kwa vidole au kifundo cha mkono ili ukigusa ardhi ubadili mkondo, kwa nini usiitwe "mpira wa pia"? Kila mtoto aliyecheza pia anajua jinsi inavyogusa chini na kukengeuka. Ova na wiketi zimekwisha kutoholewa, tuziache zilivyo.

Na tendo lenyewe? Hapa ndipo Kiswahili kilipo tajiri, nasi tukajifanya maskini. Kutupa ni kuachana na kitu. Kurusha ni kukifanya kiruke. Kuvurumisha kuna nguvu na mvumo, na ndiko kulikomfaa Martin Suji. Kulenga kuna shabaha. Vijana wa Salaita wanaowinga ndege na kuwafukuza ngedere mashambani kwa teo wanazijua tofauti hizi kwa mikono yao. Mjomba angeambiwa kwamba Obuya amewang'oa watu watano kwa mpira wa pia, angeelewa kabla hajamaliza kufunga zizi.

Nitaambiwa kwamba lugha haichezi, na kwamba soka nayo ilikuja na maneno ya kigeni. Ni kweli, ila soka ilipata watu kama Leonard Mambo Mbotela, walioifinyanga redioni hadi msikilizaji asiyewahi kuona uwanja akauona. Kriketi ilibaki katika viwanja vya vilabu na katika magazeti ya Kiingereza. Obuya alipoumia goti na kupoteza ustadi wake wa kurusha, akajifunza upya kama mpigaji na mwaka 2011 akapata mbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia, ni wangapi kule nyumbani waliojua kwamba hicho ni kisa cha mtu kuzaliwa mara ya pili? Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na pale Salaita hakuna aliyeuliza kitu, kwa maana hata swali lenyewe lilikuwa halina maneno.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Napendekeza chama chetu kiunde kamati ndogo ya istilahi za michezo ya kurusha, ianze na kriketi kisha besiboli, ambayo watoto wa Lugazi, Uganda, waliicheza hadi fainali za dunia za watoto nchini Marekani mwaka 2012. Orodha ya kwanza isizidi maneno arobaini. Ikikamilika, nitaipeleka mwenyewe kwa mjomba. Bado anadai jibu la zile wiketi tano.