Mathe aliuliza, "Hii nyumba imeanguka?"

Watu wangu, leo sina drama ya mtu maarufu. Leo nataka tuongee kuhusu nyumba. Si ile ya ndoto zako, ni ile unalala ndani sai.

Sistangu mdogo anasomea sanaa chuoni. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, wengi wenu mnajua hiyo stori. Nilikuwa nasomea usanifu wa majengo, kozi ambayo karatasi na kalamu pekee zinaweza kukufilisi kabla karo haijakufikia. Kwa hivyo siku alikuja nyumbani akasema wamepewa mradi wa muhula mzima, wachague jengo wanalolijua vizuri walichore kwa mtindo wa kubizimu, mimi ndio nilichangamka kumliko.

Nilidhani atachagua KICC. Kila mtu huchagua KICC, na sina shida nayo. Ni kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wetu, ilifunguliwa 1973, na ule mnara wa duara na ile paa ya ukumbi kando yake ni kama viliumbwa vichorwe. Lakini yeye akachagua ploti yetu. Pipeline, Embakasi. Ghorofa saba, lifti hakuna, maji mara mbili kwa wiki.

Kwa wale hawajawahi kusikia, kubizimu ni mtindo ulioanzishwa Paris na Pablo Picasso na Georges Braque, kuanzia miaka ya 1907 na 1908. Kabla yao, mchoraji wa Ulaya kwa karne nyingi alikuwa anasimama mahali pamoja na kuchora kile kinachoonekana kutoka hapo. Hawa wawili wakasema zii. Kitu unachokijua hukijui kutoka upande mmoja. Kikombe chako unakijua mdomo wake kutoka juu, mkono wake kutoka kando, na kitako chake kwa sababu umekiosha mara elfu. Mbona picha isionyeshe vyote pamoja?

Na nyumba zilikuwa ndani ya hii stori tangu mwanzo. Mwaka wa 1908 Braque alichora nyumba za L'Estaque, kusini mwa Ufaransa. Hazina milango wala madirisha, zimepandana tu kama maboksi sokoni. Mkosoaji mmoja, Louis Vauxcelles, akalalamika kwamba huyu jamaa anageuza kila kitu kuwa michemraba. Jina la mtindo likatokea kwa hiyo dharau. Mwaka uliofuata Picasso akachora nyumba za kijiji cha Horta kule Uhispania. Robert Delaunay akauchukua Mnara wa Eiffel akaukunja mpaka unaonekana kama unacheza densi. Kule Prague, Josef Gočár hakuishia kwa karatasi, alijenga jumba lenyewe kwa mtindo huo, likakamilika 1912, na bado limesimama.

Sasa turudi Pipeline.

Sistangu alianza na simu. Alipiga picha ploti kutoka getini, kutoka kwa ngazi, kutoka dirisha la jikoni, kutoka juu kwa kamba za nguo. Aliomba mama mmoja wa ploti ya ng'ambo amruhusu asimame kwa korido yao. Akaprinti zote kwa saiba, nyeusi na nyeupe kwa sababu rangi ni bei. Halafu makasi, gundi, manila pepa, na katoni za kutoka kwa duka la chini. Wiki mbili meza yetu ya kula haikuwa ya kula.

Kazi ya kwanza ilikuwa safi. Rangi ya chungwa, buluu, madirisha yamegeuzwa, ngazi zinapanda kwenda angani. Mimi nikamwambia, "Hii umeua." Tukaisimamisha kwa kochi tukamngoja mathe atoke kazi.

Mathe akaingia, akaweka mkoba chini, akaiangalia muda mrefu. Kisha akauliza, "Hii nyumba imeanguka?"

Hakuwa anacheka. Kabla tuhamie huku, mathe aliishi Huruma miaka mingi. Mnakumbuka Aprili 2016, ile jengo ya ghorofa iliporomoka usiku wa mvua, watu karibu 50 wakafa, na siku kadhaa baadaye mtoto mchanga akatolewa kwa kifusi akiwa hai. Kwa mathe, ukuta uliokatwa vipande si mtindo wa Paris. Ni habari.

Sistangu alitaka kumweleza kuhusu Picasso. Mathe akamkata, "Sawa, mwanangu, nimeskia. Lakini maji iko wapi hapa? Mimi nikifikiria hii nyumba, nafikiria mitungi kwa ngazi."

Hapo ndipo mradi ulianza kwa ukweli. Sistangu aliweka ile kazi kando akaanza upya. Alipita mlango kwa mlango, kila ghorofa, na swali moja: ukifungua macho asubuhi, kitu cha kwanza unaona ni nini? Ghorofa ya kwanza wakamwambia ukuta wa jirani, na balbu, kwa sababu huko taa huwashwa hata saa sita mchana. Ghorofa ya saba wakamwambia anga, na mabati yenye joto. Mama wa ghorofa ya nne akasema mkono wa mtu wa ploti ya pili akifungua dirisha, maana madirisha yamekaribiana hivyo, unaweza kupitishiwa chumvi bila kutoka nje. Keateka akasema mita za stima. Mtoto wa darasa la pili akasema chini ya kitanda, kwa sababu yeye hulala kwa godoro la sakafuni na wakubwa wako juu.

Niambie ni picha gani ya kawaida, ya kusimama mahali pamoja, inaweza kubeba hayo yote. Hakuna. Ukisimama barabarani uichore ploti yetu, utapata ukuta wa kijivu na nguo zimeanikwa. Huo si uwongo, lakini pia hiyo si nyumba.

Kazi ya pili haikuwa na rangi ya chungwa. Katikati kulikuwa na giza, kwa sababu katikati ya ploti yetu kuna giza. Ngazi zilipita kila mahali, zinakata vyumba, zinarudi, na mitungi ya njano imekaa kwa kila pembe. Dirisha limegusana na dirisha. Risiti za tokeni amezibandika kama matofali. Chini kabisa, kubwa kuliko mlango wa mbele, kuna chini ya kitanda.

Akapeleka. Akapewa alama za kupita tu, na sentensi moja ya kalamu nyekundu: "Jengo halisomeki."

Sijaleta hii kwenu ili mkamtukane mwalimu wake. Ana wanafunzi wengi na muda mdogo, najua venye hiyo maisha inaenda. Lakini hiyo sentensi imenikaa kooni, na nataka kuijibu.

Kwanza, wanaosomea majengo wanafundishwa nini? Mimi nilifika mwaka wa pili tu lakini hii niliipata wiki za mwanzo: picha moja ya jengo haitoshi. Unachora plani, yaani jengo ukiliangalia kutoka juu kama limekatwa. Unachora sekisheni, limepasuliwa katikati kama mkate. Unachora mbele, nyuma, kushoto, kulia. Fundi akiletewa picha ya mbele peke yake, atakuuliza kama unacheza. Kwa hivyo wasanifu wenyewe hawaamini upande mmoja! Tofauti ni kwamba wao huweka kila upande kwa karatasi yake, na mtu wa kubizimu anaweka zote kwa karatasi moja halafu anaziacha zigombane.

Pili, jiulize ni nani anayependa picha ya upande mmoja. Shuka na Mombasa Road uangalie mabango ya nyumba za kuuza. Jua la saa kumi jioni, mti mkubwa ambao haujapandwa, gari moja safi, familia inacheka. Hakuna ploti ya jirani. Hakuna tangi la maji. Kwa maandishi ya kuhitaji darubini wanakwambia huo ni mchoro tu. Watu wanachukua akiba ya miaka kumi wanalipia upande mmoja wa nyumba ambayo haijajengwa. Ingekuwa sheria yangu, kila bango lingeonyesha mahali jua litafika na mahali halitafika, ngazi na mtu amebeba mtungi, na dirisha linaangalia nini. Kubizimu kidogo tu kwa hayo mabango kingeokoa pesa za watu.

Tatu, kuna wale mtaniambia hizi ni vitu za wazungu. Pole pole. Mwaka wa 1907 Picasso aliingia jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, akakutana na vinyago vya Afrika, na uso wa mwanadamu kwa picha zake haukubaki ule ule. Vilikuwa vinyago vya Afrika Magharibi na ya Kati, si vya kwetu Kenya, kwa hivyo tusijipe sifa za jirani. Lakini mtu wa Pipeline akiuchukua huu mtindo, haombi kitu kwa mgeni. Anachukua kilichopitia huku kikaenda.

Lakini pia nitasema upande wangu mbaya, sababu siwezi kusifu pande nyingi halafu nikupe moja.

Kuna kubizimu cha uvivu. Unakata picha vipande, unavitupa kwa karatasi, unaita sanaa. Na kazi ya kwanza ya sistangu, ile nilisema ameua, ilikuwa karibu na hapo. Nilimuuliza baadaye kwa nini ngazi zilienda angani. Akasema, "Zilikuwa zinakaa poa." Kwa kazi ya pili hakuna kipande hawezi kukueleza kimetoka kwa mlango gani. Mimi naona hicho ndicho kipimo. Mwalimu, kabla uandike haisomeki, weka kidole popote umuulize mwanafunzi, "Hiki kimekuja hapa kwa nini?" Akikosa jibu, mkate alama. Akiwa na jibu, jaribu kuisoma tena.

Hatari nyingine ni kugeuza shida za watu kuwa mapambo. Siku ya maonyesho, jamaa mmoja aliipenda ile ya rangi ya chungwa. Alitaka ya kuweka kwa ukuta wa nyumba anayokodisha wageni. Sistangu alinipigia simu akinong'ona, nifanye nini? Sitawadanganya, sisi si watu wa kukataa pesa tarehe ishirini na tano. Nikamwambia uza. Akauza, na tokeni za mwezi huo zikapatikana hapo. Kisha jamaa akauliza na ile nyingine ya giza. Hiyo akakataa. Akasema majibu yaliyo ndani ni ya watu, na hakuwauliza kama yanauzwa.

Sasa iko wapi? Alimwomba keateka ruhusa, ikabandikwa kwa ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kando ya ratiba ya maji. Jioni ya kwanza nilikaa hapo na simu nikidhani nitapata video ya watu wakiuliza hii ni nini. Nilikosa video. Mama wa ghorofa ya nne alisimama, akapumzisha mtungi, akaweka kidole, "Dirisha langu hili." Jamaa wa saba akapata mabati yake. Yule mtoto wa darasa la pili alipata chini ya kitanda kabla ya mtu yeyote kumwonyesha, akaenda kumwita dada yake.

Jengo halisomeki? Lilisomwa lote kwa jioni moja, na watu wenye hawajawahi kuingia makumbusho. Mathe alipanda na viatu mkononi, akaitazama, akasema, "Sasa hii imesimama." Akaendelea kupanda.

Kwa hivyo wanafunzi wa sanaa mnaonisoma, na nyinyi wa shule za upili mliochagua njia ya sanaa huku wazazi wananung'unika: msianze na gitaa la Picasso. Anzeni na ploti yenu. Ulizeni mlango kwa mlango.

Na wewe mwingine, nijibu hapo chini. Ukichorewa mahali unapoishi, kipande gani hakiwezi kukosa? Usiniambie sebule. Sote tunajua sebule ni ya wageni.