Tuhifadhi kazi zetu tukijua kwamba zitahama

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini akiwa na uso wa msiba. Utafiti wake wa miaka miwili, yaani sauti za wazee alizozirekodi na maelezo aliyoyaandika neno kwa neno, ulikuwa umefungika ndani ya faili moja kubwa iliyokataa kufunguka.

Programu aliyoitumia kuchanganua lugha ni kongwe, nayo ilimtaka awe na Windows XP. Ndiposa akaiweka katika kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, na ambayo diski yake ni faili tu. Leseni ya programu iliyoibeba kompyuta hiyo ilipokwisha, idara ilihamia programu nyingine, nayo hiyo mpya haikuitambua diski ya zamani.

Masaibu haya si yake pekee. VMware huhifadhi diski kwa muundo wa VMDK, VirtualBox kwa VDI, Hyper-V kwa VHDX, nayo QEMU kwa qcow2. Fauka ya hayo, tangu Broadcom ikamilishe ununuzi wa VMware mnamo Novemba 2023, kisha ikakomesha uuzaji wa leseni za kudumu, taasisi nyingi zimelazimika kufikiria kuhama.

Kubadilisha muundo wenyewe si kazi ngumu. Ni mithili ya kuunakili utenzi kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi: sura ya maandishi hubadilika, maneno yakabaki yale yale. Programu isiyolipiwa iitwayo qemu-img huifanya kazi hiyo kwa amri moja, na faili ya asili haiguswi.

Hata hivyo, diski ya mwanafunzi wangu ilipogeuzwa, Windows ilianza kuamka kisha ikazimia kwa skrini ya samawati. Ilizoea kuisoma diski kupitia kifaa cha aina fulani. Katika makao mapya ikakuta kifaa kigeni, nayo haikuwa na draiva ya kuwasiliana nacho. Fundi aliiunganisha diski kwa njia ya zamani ya IDE, ambayo Windows XP inaifahamu vyema, nayo ikaamka.

Kuna tahadhari mbili zaidi. Kwanza, kompyuta pepe izimwe kabisa kabla ya kuhamishwa, kwani ikiwa imelazwa tu, kumbukumbu yake aghalabu haisomeki na programu nyingine. Pili, ikiwa umewahi kuhifadhi hali zake za nyakati mbalimbali, ziunganishe kwanza ziwe diski moja. Ukinakili faili ya msingi pekee, utaipata kazi ya zamani huku ile ya karibuni ukiiacha nyuma.

Yamkini wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao. Hatumwachii mpiga chapa jukumu la kutunza miswada yetu. Fundi anaweza kuiokoa diski, lakini hajui ni faili gani ndani yake isiyo na badali. Baadhi ya wazee waliorekodiwa na mwanafunzi huyu wamekwisha kufariki, na sauti zao haziwezi kurekodiwa tena.

Rai yangu kwa walimu na wanafunzi ni kwamba kila idara ijaribu kuhamisha nakala kabla ya dharura, na ya asili isifutwe mpaka ile nakala iwake na faili zake zifunguke. La muhimu zaidi, data zenyewe zitolewe nje ya kompyuta pepe: sauti zihifadhiwe kwa muundo wa WAV na maandishi kwa Unicode sahili, ili zisiitegemee programu moja.

Mwanafunzi wangu alinusurika na sasa anaendelea na tasnifu yake. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunalo daftari. Tuhakikishe tunaweza kulifungua hata baada ya kuhama nyumba.