Maneno Sita ya Kuuliza

Mwandishi wa gazeti, karani wa ofisi na mkulima ampelekeaye barua bwana shamba wote hutumia vyombo vilevile vya kazi, navyo ni maneno sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na jinsi gani. Kwa Kiingereza ni who, what, when, where, why na how. Rudyard Kipling, Mwingereza aliyezaliwa Bombay mwaka 1865, aliyatungia mashairi katika kitabu chake Just So Stories cha mwaka 1902, akayafananisha na watumishi. Hata leo wanafunzi wa uandishi wa habari huanza kazi yao kwa maneno hayo.

Faida yake ilionekana wazi nzige wa jangwani walipoingia Kenya kutoka Somalia mwishoni mwa Desemba 2019. Kundi lililoenea kilometa moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha kutosha watu 35,000. Basi barua isemayo, "Nzige wamekuja, tumekwisha," humhuzunisha aisomaye, lakini haimwongozi mpiga dawa. Yeye hana budi kujua mengine. Ni nani aliyewaona kwa macho yake? Ameona nini: tunutu wasio na mabawa, au nzige warukao? Kama wanaruka, rangi yao ni ya waridi au ya manjano? Wale wa manjano wamekomaa, na huenda wakataga mayai mchangani. Walitua wapi, na lini? Kundi laweza kusafiri kilometa 100 na zaidi kwa siku, kwa hiyo neno "juzi" lisilo na tarehe halifai kitu. Waliondoka jinsi gani, wakifuata upepo wa upande gani? Nzige hutua jioni na kuruka jua likipanda. Habari kamili ikifika usiku, dawa yaweza kupigwa alfajiri. Ikikosa mahali tu, shamba la mtu limeliwa.

Neno kwa nini lahitaji uangalifu zaidi. Sababu isipojulikana, na iandikwe kwamba haijajulikana, maana sababu ya kubuni hugeuka uvumi, na uvumi hutangulia ukweli kufika sokoni.

Katika mazungumzo ya Kiingereza maneno haya yana desturi zake. Kwa Kiswahili neno la kuuliza hukaa mahali pa jibu: "Unakaa wapi?" "Ninakaa Nyeri." Kwa Kiingereza hutangulia, na neno do hufuata: "Where do you live?" Asemaye "You live where?" hueleweka, ila huonekana kama mtu aliyeshangaa au asiyesikia vizuri. Lakini neno who likiwa ndilo mtenda, do haihitajiwi: "Who saw the locusts?"

Kosa jingine hutokana na jina. Mswahili huuliza, "Jina lako nani?" Mwingereza hasemi "Who is your name?" bali "What is your name?", kwa kuwa kwake jina ni kitu, si mtu. Kadhalika, "How do you do?" haiulizi hali ya mtu. Ni salamu ya kukutana mara ya kwanza, na jibu lake ni kuirudia vilevile. Aulizaye hali husema "How are you?"

Tena, "Why don't you sit down?" si lawama kama "Mbona huketi?" Ni karibu ya heshima, na mgeni huitikia kwa kushukuru na kuketi. Bali "Why are you late?" ni swali la kudai sababu, wala halifai kuanza nalo mbele ya mkubwa.

Mwenye kutaka kuzoea na achukue barua aliyokwisha kuiandika, aisome kabla ya kuipeleka, na kando ya kila neno kati ya yale sita atie alama akiona limejibiwa. Palipo wazi, na ajaze kwanza.