Kuimba ya zamani si kuishiwa

Mwimbaji mkongwe akirudia nyimbo za zamani, watu hawakawii kusema kaishiwa. Sisi wa cherehani hatukubali. Kulifumua gauni la mama mpaka limkae bintiye ni kazi kuliko kushona jipya: kitambaa hakiongezeki, na alama za mshono wa kwanza hazifutiki.

Mtazameni Loretta Lynn, mwimbaji wa kantri wa Marekani, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Kentucky. Mwaka 2016, akiwa na miaka 83, alitoa albamu ya Full Circle. Humo aliimba upya nyimbo za milimani alizojifunza utotoni, na Whispering Sea, wimbo wake wa kwanza kuutunga. Wimbo ni ule ule, lakini safari hii anauimba mjane aliyekwisha zika mume na watoto. Lazima uzito wake uwe mwingine.

Linalotugusa zaidi, aliyesimamia kurekodi ni bintiye Patsy, pamoja na John Carter Cash. Walianza 2007, mama angali na nguvu. Loretta alifariki 2022, sauti imebaki.

Maharusi wetu, mnahangaikia gauni, hina na ukumbi. Nyimbo walizoimbiwa bibi zenu siku ya harusi zao, nani anazo? Kabla hamjaja kupimwa, kaeni na bibi, wekeni simu karibu, mwacheni aimbe kwa raha zake. Gauni likichelewa tutakesha tulimalize. Umri wa bibi anaujua Mungu peke yake.